KURA IINGIAPO NYUMBANI

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, desturi ya ukurasa huu ni kutazama kila mwezi jambo moja katika mambo ya nyumba zetu. Mwezi huu tumelielekea jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni la barazani na mikutanoni, nalo ni upigaji wa kura. Watoto wetu na ndugu zetu wengi leo wanaishi Uingereza, katika miji kama London, Leicester, Birmingham na Manchester. Huko mtu akitaka halazimiki kwenda kituoni. Karatasi ya kura huletwa na tarishi mpaka mlangoni, akaijaza juu ya meza ya chakula, akairudisha kwa posta. Basi kura imeingia nyumbani, na kila kiingiacho nyumbani kwa Mwislamu kina adabu zake.

Tutaeleza kwanza kwa nini uchaguzi wa mabaraza ya miji unamhusu Mwislamu, kisha namna ya kuiomba kura ya posta na kuijaza. Mwisho tutalieleza lile ambalo ndilo shina la maneno yetu: kwamba karatasi ile ni amana ya mtu mmoja, na baba wa nyumba hana ruhusa ya kuzijaza zote kwa mkono wake.

BARAZA LA MJI NA MWISLAMU

Wako wasemao, "Uchaguzi wa Bunge twauelewa, lakini huu wa madiwani una faida gani?" Jawabu ni kwamba diwani ndiye aliye karibu zaidi na mlango wako. Baraza la mji ndilo lisimamialo kuzolewa taka, nyumba za kupanga za serikali, huduma za wazee na wagonjwa wasiojiweza, na ruhusa ya kujenga. Mkitaka kuigeuza ghala kuukuu iwe msikiti au madrasa, ombi lenu litaangukia mezani pa baraza. Mkitatizwa na mahali pa kuweka magari siku ya Ijumaa, mtakwenda kwa baraza. Na makaburi nayo, mara nyingi, yamo mikononi mwa baraza. Mwislamu akifariki Ijumaa jioni, jamaa zake hutaka wamzike bila ya kuchelewa kama sunna ituelekezavyo. Kama makaburi yatafunguliwa siku ya Jumamosi na Jumapili au hayatafunguliwa, na kwa ada gani, huamuliwa na watu waliochaguliwa kwa kura.

Wala mtu asiseme kwamba kura yake moja haina uzito. Wazee wa Unguja na Pemba wanakumbuka uchaguzi wa Januari 1961, ambapo kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa ziada ya kura moja tu, na nchi nzima ikaihisi athari yake. Na katika mabaraza ya Uingereza, mwezi wa Mei 2017, wagombea wawili wa kata ya South Blyth, katika jimbo la Northumberland, walipata kura 356 kila mmoja. Zilihesabiwa tena zikawa sawa, hata ikabidi wapige bahati kwa vijiti. Na kwa kijiti kimoja chama kimoja kikakosa wingi wa viti katika baraza zima. Watu wangapi wa kata ile walikaa majumbani siku ile wakisema kura yao haina maana?

Wapo pia walitiao shaka jambo hili kwa upande wa dini. Wanavyuoni wana maneno mengi juu yake, nasi hatuna nafasi ya kuyaeleza yote. Itoshe kutaja kwamba Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1976, aliieleza kura kuwa ina sura tatu. Kwanza ni ushahidi: mpiga kura anashuhudia kwamba mtu huyu anaifaa kazi hii. Pili ni shufaa: anamwombea apewe kazi. Tatu ni uwakili: anamweka awe mwakilishi wake na wa watu wengine. Msomaji aziweke sura tatu hizi akilini, maana tutazirudia.

NANI MWENYE HAKI

Maelezo yetu ni ya England, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina kanuni zao. Katika England hupiga kura ya baraza mtu aliyetimia miaka 18, anayekaa katika eneo la baraza hilo, na ambaye jina lake limo katika daftari la wapiga kura.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hawalijui. Haki hii si ya raia wa Uingereza peke yao. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaokaa huko kwa ruhusa halali wanayo pia. Kwa hiyo mwenye pasi ya Tanzania, au ya Kenya, au ya Uganda, au ya Rwanda, aliye na ruhusa ya kukaa, anaweza kujiandikisha na kupiga kura bila ya kungoja uraia. Ama ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Omani, kwa kuwa nchi zao hazimo katika Jumuiya hiyo, hawana haki hiyo kwa pasi zao za kwao mpaka wapate uraia. Na aliyehama Uingereza moja kwa moja akarudi kukaa Mombasa au Tanga, hata akiwa raia, hapigi kura ya baraza. Lakini aliyesafiri kwa muda tu, na makazi yake yako huko huko, haki yake haikuondoka. Mwanafunzi wa chuo aliye na makazi mawili, kwa wazee wake na chuoni, anaweza kuandikishwa kote kuwili, na akapiga kura za mabaraza mawili yaliyo mbalimbali.

KUIOMBA KURA YA POSTA

Kura ya posta si mpya katika nchi ile. Ilianza mwaka 1918 kwa ajili ya askari waliokuwa vitani. Kwa sheria ya 1948 wakaruhusiwa wagonjwa na watu waliozuiliwa na kazi. Na tangu sheria ya mwaka 2000 kila mpiga kura katika England anaweza kuiomba, wala haulizwi sababu.

Uchaguzi wa mabaraza aghlabu huwa Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa Mei. Ombi la kuandikishwa lifike si chini ya siku 12 za kazi kabla ya siku hiyo, na ombi la kura ya posta lifike kabla ya saa kumi na moja jioni, siku ya 11 ya kazi kabla yake. Jumamosi, Jumapili na siku za mapumziko ya serikali hazihesabiwi. Mathalan katika uchaguzi wa tarehe 1 Mei 2025, siku ya mwisho ya kujiandikisha ilikuwa 11 Aprili, na ya kuomba kura ya posta ilikuwa 14 Aprili, maana sikukuu ya Pasaka ya Wakristo iliingia kati. Anayengoja mpaka wiki ya uchaguzi amekwisha kuchelewa. Na kwa kuwa kanuni hubadilishwa mara kwa mara, kila uchaguzi ukikaribia mtu na aulize ofisi ya uchaguzi ya baraza lake.

Ombi hufanywa kwa fomu ya karatasi, au, tangu 31 Oktoba 2023, kwa tovuti ya serikali. Mwombaji huandika jina lake, anwani yake, tarehe yake ya kuzaliwa na namba yake ya Bima ya Taifa, kisha hutoa saini yake. Ombi hili halidumu milele kama lilivyokuwa zamani. Siku hizi haki ya kuletewa kura kwa posta hukoma baada ya muda usiozidi miaka mitatu, na asiyeomba tena haletewi kitu.

Mambo mawili yaangaliwe sana katika kuomba. La kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Wazee wetu wengi walizaliwa mahali ambapo siku haikuandikwa, na pasi zao zimetiwa tarehe mosi Januari. Tarehe iliyoandikwa katika ombi ndiyo hiyo hiyo itakayoandikwa siku ya kupiga kura, si nyingine. La pili ni saini. Bibi aliyezoea kutia saini kwa herufi za Kiarabu na aitie kwa herufi hizo, lakini iwe ile ile mara zote mbili, maana saini mbili hizo zitalinganishwa. Na asiyeweza kutia saini, kwa ugonjwa au kwa kutojua kuandika, anaruhusiwa kuomba asamehewe saini. Mtu mwingine asimtilie.

KUIJAZA NA KUIRUDISHA

Kifurushi kitakachofika kina vitu vinne: karatasi ya kura, karatasi ya tamko, bahasha ndogo yenye herufi A, na bahasha kubwa yenye herufi B.

Kwanza soma karatasi ya kura, uangalie ni wagombea wangapi unaoruhusiwa kuwachagua, maana kata nyingine huchagua diwani mmoja na nyingine wawili au watatu. Ukizidisha idadi iliyotajwa kura yako imeharibika. Alama iliyozoewa ni ya X, nayo ni alama ya hesabu tu, haina maana ya dini. Usiandike jina lako wala kutia saini juu ya karatasi ya kura, maana kura inayomtambulisha mwenyewe haihesabiwi.

Kisha utie karatasi ya kura peke yake katika bahasha A, uigandishe. Baada ya hapo ujaze karatasi ya tamko: utie saini yako na tarehe yako ya kuzaliwa. Hapa wengi hupotea, wakaandika tarehe ya siku ile wanayojaza badala ya siku waliyozaliwa, na kura zao zikakataliwa bila ya bahasha A kufunguliwa. Ukimaliza, tia bahasha A pamoja na tamko katika bahasha B, uigandishe, uipeleke posta. Ukiwa ndani ya Uingereza haihitaji stempu.

Kura hiyo haina budi kufika kabla ya saa nne usiku wa siku ya uchaguzi. Kutiwa posta siku hiyo hakutoshi. Aliyechelewa anaweza kuipeleka kwa mkono wake katika kituo cha kura cha eneo lake au katika ofisi ya baraza, akamkabidhi mtumishi na kujaza fomu fupi. Tangu uchaguzi wa tarehe 2 Mei 2024, mtu mmoja hapeleki kwa mkono zaidi ya kura yake na za watu wengine watano, na zikidumbukizwa tu katika sanduku la barua la baraza bila ya fomu hazihesabiwi. Na ikiwa kifurushi hakikufika, au karatasi imeharibika, usikae kimya: iarifu ofisi ya uchaguzi upewe kingine kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku yenyewe.

MSAFIRI NA HAJI

Kwa anayesafiri mbali, hasa nje ya nchi, kura ya posta inaweza kumponyoka, kwa kuwa kifurushi hutumwa siku chache tu kabla ya uchaguzi, na barua ya kwenda Zanzibar na kurudi haina siku maalumu. Huyo ni bora aweke wakili. Ombi la uwakili hupokelewa mpaka saa kumi na moja jioni, siku ya sita ya kazi kabla ya uchaguzi. Na aliyepatwa na maradhi ya ghafula baada ya hapo anaweza kuomba uwakili wa dharura mpaka saa kumi na moja ya siku yenyewe. Wakili awe naye ni mwenye haki ya kupiga kura. Haruhusiwi kuwawakilisha zaidi ya wapiga kura wawili wanaokaa nchini humo. Akienda kituoni huchukua kitambulisho chake mwenyewe chenye picha, kama inavyolazimu tangu Mei 2023.

Tunalitaja hili mapema kwa sababu ya Hija. Miezi yetu hufuata mwezi mwandamo, na Hija yarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa miladi. Kwa hesabu za falaki, mwaka 2028 siku ya Arafa itaangukia karibu sana na Alhamisi ya kwanza ya Mei. Mahujaji wa mwaka huo, pamoja na kulipa madeni yao na kuandika wasia wao kabla ya kuondoka, na wakumbuke kuweka wakili wa kura zao. Na wakili, ndugu zangu, hufuata kauli ya aliyemwakilisha. Ukitumwa kununua mchele hununui sukari kwa kuwa wewe waipenda zaidi.

AMANA YA KILA MTU

Sasa tumefika kwenye shina la maneno. Kabla ya mwaka 1872 Waingereza walipiga kura hadharani, kila mtu akamtaja anayemchagua mbele ya watu. Mpangaji alimchagua anayependwa na mwenye nyumba, na mfanyakazi alimchagua anayependwa na tajiri wake, kwa kuogopa kufukuzwa. Ndipo ikatungwa sheria ya kura ya siri: mtu aingie peke yake nyuma ya pazia, asione mwengine alama yake. Pazia lile lilimkinga mnyonge na mwenye nguvu.

Kura ya posta haina pazia. Serikali haiwezi kusimama jikoni kwako. Kwa hiyo pazia sharti ulitundike wewe baba wa nyumba, au halitakuwapo. Na yasikitisha kusema kwamba katika nyumba nyingine huwa kinyume: vifurushi vitano hufika, baba akavikusanya, akavijaza vyote baada ya chakula cha usiku, kisha akawaita mke, mama mzazi na watoto waje watie saini. Akiulizwa, hujibu kwa mojawapo ya hoja tatu.

Hujibu kwanza, "Mimi ndimi msimamizi wa nyumba." Ni kweli kwamba mume ni msimamizi, lakini usimamizi ni wa kulisha, kuvisha na kulinda, wala haumfanyi kuwa mmiliki wa kila kilicho cha mkewe. Mahari ya mke ni mali yake. Sura ya An-Nisaa, aya ya 4, haimruhusu mume kula humo ila kwa ridhaa yake mwenyewe. Ikiwa hana ruhusa ya kuitumia shilingi ya mkewe bila ya idhini, ataitumia vipi shahada yake? Nasi tumekwisha sema kwamba kura ni shahada, na shahada ni ya aliyeitoa; hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine.

Tena tuutazame mwendo wa Mtume (s.a.w.). Wanawake waumini walipotaka kumpa ahadi ya utii, Mwenyezi Mungu alimwamrisha, katika Sura ya Al-Mumtahana, aya ya 12, aipokee ahadi yao wao wenyewe. Hawakuambiwa kwamba ahadi za waume zao zimewatosha. Mwanamke alikuja kwa ulimi wake na nia yake. Na katika visiwa vyetu, uchaguzi wa kwanza wa Unguja na Pemba wa mwaka 1957 ulikuwa wa wanaume peke yao. Ilipofika Januari 1961 ndipo bibi zetu walipokwenda nao kupanga foleni. Ule ule uchaguzi wa ziada ya kura moja. Je, ni haki mjukuu wa bibi yule, akiwa ng'ambo katika nyumba yenye taa na maji ya mfereji, anyang'anywe kwa upole mezani kile ambacho bibi yake alikipata kwa kusimama juani?

Hujibu pili, "Mama hajui Kiingereza, wala hawajui wagombea." Kutojua ni sababu ya kufundishwa, si sababu ya kunyang'anywa. Msomee majina yao na ahadi zao kwa lugha anayoifahamu, bila ya kuzidisha wala kupunguza. Mwulize anataka nani. Akisema, na mkono wake hauwezi au macho yake hayaoni, itie alama pale pale aliposema yeye, ijapokuwa moyo wako unataka kwingine. Na akisema hataki kumchagua yeyote, iache karatasi yake. Kushauriana ni jambo jema, na Waislamu wamesifiwa kwalo. Zungumzeni usiku kucha mkipenda, mkubaliane au mtofautiane. Lakini mazungumzo yakiisha, kila mtu na kalamu yake.

Hujibu tatu, "Ni jambo dogo, nani atajua?" Kwa upande wa sheria si dogo. Kujaza kura ya mtu mwingine kana kwamba ni yako, au kumtilia saini, ni kosa la jinai. Na kwa sheria ya mwaka 2022, hata kumchungulia mtu anapojaza kura yake ya posta ili ujue anamchagua nani ni kosa. Kwa upande wa dini, Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, kuzifikisha amana kwa wenyewe. Na ajuaye khiyana ya macho na yafichwayo vifuani hahitaji kuambiwa na polisi.

MAMBO MAWILI YA KUZINGATIA

Aibu hii imekwisha kutufika mahakamani. Katika uchaguzi wa baraza la Birmingham wa mwaka 2004, kura za posta zilikusanywa, zikabadilishwa na kughushiwa. Na mwezi wa Aprili 2005 hakimu wa uchaguzi, Richard Mawrey, akaubatilisha uchaguzi wa kata mbili, Bordesley Green na Aston, kwa maneno makali. Miongoni mwa waliohusika walikuwamo watu wenye majina kama yetu. Wapinzani wa dini yetu walifurahi, na Waislamu wengi wanyofu wa mji ule wakatembea vichwa chini kwa tendo wasilolitenda. Basi akija mtu mlangoni, hata akiwa ni ndugu wa msikitini na kitambulisho cha chama kifuani, akasema, "Nipeni kura zenu niwapelekee," mjibuni kwa heshima kwamba mtazipeleka wenyewe. Sheria ya leo inawakataza wafanyao kampeni wasishike kura za posta za watu wasio jamaa zao wala wasio katika utunzaji wao. Na akileta bahasha ya pesa au zawadi, kumbukeni kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji wa rushwa na mpokeaji wake.

Jambo la pili linawahusu maimamu na sisi wenye kalamu. Uchaguzi wa meya wa Tower Hamlets, London, wa Mei 2014, ulibatilishwa Aprili 2015 na hakimu yule yule. Sababu zilikuwa kadhaa, na mojawapo ni waraka uliotiwa saini na maimamu na wanavyuoni wengi, ukachapishwa gazetini, uliowafanya Waislamu waone kwamba kumchagua mgombea fulani ni wajibu wa dini. Kwa hiyo ukurasa huu haumtaji mgombea wala chama. Tunasema mchague mnayeona ni mwaminifu na mwenye uwezo, awe wa jina letu au awe wa jina jingine, kwani ushahidi hautolewi kwa ukoo. Anayemshuhudia jamaa yake kwa uongo amemdhuru jamaa yake na amejidhuru mwenyewe.

HITIMISHO

Mzee wa nyumba, vifurushi vikifika, fanya hivi. Mpe kila mtu chake kikiwa kimefungwa. Wakusanye siku moja baada ya Isha muwasome wagombea pamoja, na vijana waliosoma huko wawatafsirie wazee. Kisha kila mmoja aende mahali pake, ajaze, agandishe bahasha yake A, ndipo arudi mezani. Tarehe za kuzaliwa na saini zihakikiwe, maana hizo si siri ya kura. Kesho yake asubuhi zipelekwe posta.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Mume atakayesimama mbele ya Mola wake akasema, "Kura za nyumba yangu zilikuwa tano, na zilikuwa za watu watano," huyo ameichunga nyumba yake. Na binti aliyekua katika nyumba hiyo, akazoea kuona kwamba neno lake ni lake hata mbele ya baba ampendaye, hataogopa kusema kweli mbele ya mtu mwingine yeyote.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzitekeleza amana zetu, kubwa na ndogo, za siri na za dhahiri, na aziepushe nyumba zetu na dhulma. Wallahu aalam.